Nilikosea Kuhusu Wakanda Forever, na Sikuwa wa Kwanza Kukosea

Wasee, leo nimekuja kujikosoa mwenyewe.

Novemba 2022, usiku ule ule nilipotoka kutazama Black Panther: Wakanda Forever, niliandika posti nikiwa bado kwa matatu. Nilisema hii si filamu, ni matanga ya saa mbili na dakika 41. Watu walicheka sana. Posti ikasambaa kuliko kitu chochote nilikuwa nimeandika mwaka huo, na mimi nikajiona mhakiki kamili. Kesho yake nikaongeza ingine. Nikalalamika kwamba hatumwoni T'Challa, kwamba kila mtu analia, na kwamba Shuri kazi yake ni kujifungia maabara. Nikacheka hasa kile kipande ambapo malkia Ramonda anampeleka Shuri kando ya maji, mwaka mmoja baada ya msiba, wachome nguo za maombolezo. Shuri anakataa, maongezi yanakatizwa, na nguo hazichomwi. Niliuliza: sasa hiyo ilikuwa ya nini? Si wangeikata tu tuende nyumbani mapema?

Miezi michache baadaye tukampoteza shosh wangu.

Kwa sababu mimi ndiye "mtu wa video" kwa familia, nilipewa kazi ya kurekodi mazishi. Siku nzima nilishika simu. Watu walipoimba nilikuwa natafuta mwanga mzuri. Jeneza liliposhushwa nilikuwa naangalia kama betri itafika. Kila mtu aliniona niko sawa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Sikulia ushago, sikulia Nairobi. Ile video bado iko kwa simu yangu na sijawahi kuifungua.

Mwezi mmoja hivi baadaye binamu yangu akaja na flashi imejaa filamu. Akaweka Wakanda Forever kwa laptopu. Nikamwambia hiyo nishaona, ni matanga. Akasema yeye hajaona, ninyamaze.

Ukikumbuka vizuri, filamu inaanza Shuri akiwa maabara. Kaka yake anakufa, na yeye anakimbizana na mashine akitafuta dawa. Mara mamake anaingia kumwambia imekwisha. Mara ya kwanza nilikuwa nangoja wamwonyeshe T'Challa, na nilikasirika hawakumwonyesha. Mara ya pili ndipo nikaelewa kwa nini hatumwoni. Shuri mwenyewe hakumwona. Alikuwa na kazi. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Nilienda jikoni kujifanya natafuta maji.

Na kile kipande cha moto nilichosema kikatwe? Kinarudi mwishoni kabisa. Shuri anaketi peke yake ufuoni Haiti, anachoma zile nguo, na ndipo anakubali kumkumbuka kaka yake. Kumbe filamu yote iko katikati ya hiyo mioto miwili, ule alioukataa na ule alioukubali. Lakini huwezi kujua moto wa kwanza ni wa nini kama hujauona wa pili. Usiku wa kwanza sikuwa na namna ya kuujua. Tatizo ni kwamba niliandika kama mtu anayejua.

Sasa, mimi si mjinga. Nilijiuliza kama ni huzuni tu ilinihonga. Kwa hivyo nikangoja, nikaitazama mara ya tatu nikiwa peke yangu na nimetulia. Makosa mengine yalibaki pale pale. Bado ni ndefu. Yale mambo ya Ross na wapelelezi wa Marekani bado yanapunguza kasi. Riri Williams bado anaonekana kama tangazo la kipindi kingine. Lakini hukumu yangu kubwa, kwamba filamu imelemewa na kilio, ilikuwa imeanguka. Kilio ndicho kilikuwa kazi yake. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na mwongozaji Ryan Coogler alikuwa tayari ameandika hadithi ambayo T'Challa yumo. Ilibidi aanze upya. Mimi nilikuwa nimeenda ukumbini kudai sherehe ya 2018 irudiwe, kwa watu waliokuwa wamefiwa kweli.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta: hii imewahi kutokea mahali pengine? Sehemu ya pili ya filamu kubwa kuonekana haifai, halafu watu wairudie na kubadilisha mawazo? Jibu likanirudisha hadi 1980, na ni historia tamu kuliko nilivyotarajia.

Twende pole pole. Mwaka 1977 George Lucas alitoa Star Wars. Ilianza na kumbi chache, hata hamsini hazikufika, halafu ikageuka homa. Na inaisha vile watu wanapenda: ngome ya adui imelipuka, mashujaa wamesimama mbele ya umati, medali shingoni, kila mtu anatabasamu. Ukitoka hapo unataka nini? Unataka hiyo hiyo tena, ila kubwa zaidi.

Mei 1980 ikatoka The Empire Strikes Back. Lucas hakuiongoza mwenyewe. Alimpa Irvin Kershner, mtu mzima aliyewahi kufundisha chuo kile kile alichosomea Lucas. Pesa zilikuwa za Lucas mwenyewe na za mikopo ya benki, na gharama ilipanda hadi karibu dola milioni 30. Yaani ingeanguka, angeanguka nayo.

Na akawapa watu nini? Kichapo. Filamu inaanza mashujaa wakishindwa vita kwenye barafu na kukimbia. Katikati wanakimbia. Mwishoni Han Solo anagandishwa kama samaki wa friza na kuchukuliwa. Luke anakatwa mkono, halafu anaambiwa kwamba Darth Vader, adui wake mkubwa, ndiye baba yake. Kisha filamu inaisha. Hakuna medali wala ushindi, na Han hajaokolewa. Unaambiwa tu urudi siku nyingine, na hiyo siku nyingine ilikuwa miaka mitatu mbele.

Tuwe wakweli: si kwamba ilipigwa mawe na kila mtu. Kuna wahakiki walioipenda tangu siku ya kwanza, na ndiyo filamu iliyoingiza pesa nyingi zaidi Marekani mwaka huo. Lakini sifa zilikuwa nusu nusu. Vincent Canby wa gazeti la New York Times, mmoja wa wahakiki waliosomwa sana wakati huo, hakuipenda na aliiona hafifu kuliko ya kwanza. Lalamiko lililosikika lilikuwa hili: filamu haina mwisho, ni nzito, na ile furaha ya 1977 imepotea. Ukiondoa majina, ni karibu ile ile posti niliyoandika kwa matatu.

Na lile neno kuhusu baba? Leo hata mtu ambaye hajawahi kuiona filamu analijua. Lakini 1980 lilikuwa bomu. Lilifichwa hata kwa waigizaji. David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alipewa maneno ya uongo ya kusema mbele ya kamera, na sauti halisi ya James Earl Jones ikawekwa baadaye. Ni sauti ile ile unayoijua kama ya Mufasa kwenye The Lion King. Jones mwenyewe alisimulia kwamba aliposoma mstari ule kwa mara ya kwanza, alidhani Vader anadanganya! Kama mwenye sauti hakuamini, wewe mtazamaji ungeamini vipi? Mashabiki walibishana miaka mitatu, hadi Return of the Jedi ilipotoka 1983 na kuthibitisha.

Fikiria hiyo hali. Kwa miaka mitatu, watu walikuwa wanaihukumu filamu bila kujua kama tukio lake kubwa zaidi ni kweli ama ni uongo. Ni kama kutoa uamuzi wa kesi shahidi mkuu akiwa bado njiani.

Halafu kitu kikabadilika, na hakikuwa filamu. Ni namna ya kuitazama.

Kwanza, ilirudishwa kumbini 1981, na tena 1982. Pili, na hii ndiyo kubwa, 1984 ilitoka kwa kanda ya video. Kabla ya kanda, kuirudia filamu ilimaanisha kununua tiketi tena, ama kungoja televisheni ikuonee huruma. Baada ya kanda, mtoto angeweza kuiona Jumamosi, airudie Jumapili, arudishe nyuma mahali anapopapenda mpaka kanda ikwaruze.

Niliongea na mjomba wangu kuhusu hii. Yeye alikulia Nakuru miaka ya themanini. Nilidhani atanieleza mambo ya Star Wars, lakini aliniambia kitu kikubwa zaidi ya hiyo. "Wewe unafikiri tulikuwa tunachagua?" alisema. "Mtaa mzima deki ilikuwa moja, na mwenye deki alikuwa na kanda tatu. Ukitaka kutazama, unatazama hizo. Mara ya kwanza unaangalia nani atashinda. Mara ya tano ushajua nani atashinda, sasa unaanza kuangalia watu."

Nikamwomba arudie hiyo sentensi ya mwisho niiandike. Kwa sababu, manze, hiyo ndiyo historia yote ya Empire.

Mara ya kwanza unaangalia nani atashinda. Na ukitazama The Empire Strikes Back kwa jicho hilo, itakuudhi, kwa sababu hakuna anayeshinda. Mara ya tano ushajua hakuna medali, huzingoji tena, na macho yako yanakuwa huru. Hapo unaona kile kipande cha pangoni. Luke yuko kwenye sayari ya matope akifundishwa na Yoda, anaingia pangoni, anapigana na kivuli cha Vader na kukikata kichwa. Kofia inapasuka, na ndani anauona uso wake mwenyewe. Mara ya kwanza unafikiri ni uchawi tu wa kutisha. Ukishajua Vader ni babake, unashtuka: walikuwa wamekuambia! Katikati ya filamu, mbele ya macho yako. Ni kama ule moto wa Ramonda na Shuri. Kipande kinachoonekana hakina kazi, kumbe mwisho ndio unakipa kazi.

Na lile lalamiko kwamba filamu haina mwisho likakauka lenyewe. Ukiwa na kanda zote tatu kwa rafu, Empire haiishii hewani tena. Ni sura ya katikati. Kilichokuwa kosa kubwa mwaka 1980, baada ya 1983 kilikuwa tu mlango wa kwenda chumba kingine.

Kizazi kilichokua na hizo kanda kikawa kikubwa, kikaanza kuandika na kutengeneza filamu, na hukumu ikapinduka. Mwaka 1997 zilirudishwa kumbini zikiwa zimetengenezwa upya kidogo, na Roger Ebert akaandika kwamba Empire ndiyo bora kati ya zile tatu. Mwaka 2010 iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 2014 wasomaji wa jarida la Empire la Uingereza waliichagua filamu bora ya wakati wote. Nambari moja kabisa! Filamu iliyoambiwa haina mwisho.

Sasa kuna mtu hapo anasema: kumbe ukirudia filamu yoyote mara ya kutosha utaipenda. Hapana. Historia ile ile inakataa.

Mei 1999 ilitoka The Phantom Menace, miaka 16 baada ya Return of the Jedi. Watu walipiga kambi nje ya kumbi wiki nzima na zaidi. Wengi walitoka usiku wa kwanza wakishangilia. Halafu walipoirudia, furaha ikaanza kupungua. Mazungumzo makavu, siasa za kodi za biashara, na yule Jar Jar Binks. Kwa hao, kurudia kuliishusha filamu. Usiku wa kwanza walikuwa wamependa kule kungoja kwao, wakadhani wamependa filamu.

Lakini ngoja, hadithi haiishii hapo. Watoto waliokuwa na miaka saba au minane mwaka 1999 hawakuwa na habari za kungoja miaka 16. Wao waliona mbio za magari ya angani na Darth Maul na upanga wake wa mwanga wa pande mbili, wakabambika. Watoto hao leo ni watu wazima, na filamu iliporudishwa kumbini 2024 kusherehekea miaka 25, wengi walienda kwa mapenzi kabisa. Kwa hivyo hukumu moja ilishuka, nyingine ikapanda, na filamu ni ile ile.

Kuna mtu mmoja kwenye hadithi hii ambaye sitaki tumruke. Ahmed Best ndiye aliyemwigiza Jar Jar. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hii ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza, na dunia nzima ikamgeuza kichekesho na tusi. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba maneno yale yalimfikisha karibu kujitoa uhai. Alibaki, namshukuru Mungu. Mwaka 2023 alionekana kwenye The Mandalorian akiwa Jedi anayemwokoa mtoto Grogu, na mashabiki walishangilia jina lake.

Nilisoma hiyo nikanyamaza kwa muda. Kwa sababu sisi tunaoandika maoni tunasema "ni filamu tu". Kwa mtazamaji ni filamu tu. Kwa aliyeko ndani ni maisha, na hukumu ya usiku wa kwanza inampata kabla dunia haijapata nafasi ya kubadilisha mawazo. Mashabiki walichukua zaidi ya miaka 20 kumwomba msamaha Ahmed Best kwa makofi. Hiyo ni miaka mingi sana kwa mtu kungoja.

Kwa hivyo mimi nimejifunza nini kwenye hii historia yote?

Nimeona kwamba sehemu ya pili haiingii ukumbini peke yake, inaingia na deni. Filamu ya kwanza ilikuja bila kukuahidi chochote, ukaipenda bure. Ya pili inadaiwa furaha ya kwanza, ahadi za trela, na miaka uliyongoja. Usiku wa kwanza unaihesabia deni. Ni ukirudi ndipo unaitazama yenyewe. Hii ndiyo sababu sehemu za pili ndizo zinabadilika zaidi machoni pa watu, kupanda ama kushuka.

Nimeona pia kwamba wahakiki wa 1980 hawakuwa wajinga. Waliona walichoweza kuona kwa mara moja, na gazeti lilikuwa linangoja. Sisi hatuna kisingizio chao. Hatuna gazeti linalotungoja saa sita za usiku. Tunaweza kuirudia filamu kwa simu tukiwa kitandani, bila deki ya jirani. Mjomba na kanda zake tatu alitazama kwa makini kuliko mimi mwenye filamu elfu, kwa sababu yeye alilazimika kurudi na mimi naweza kuruka tu hadi nyingine.

Sitaacha kuandika usiku wa kwanza. Hiyo raha siwezi kuiacha, na hisia za usiku wa kwanza nazo ni za kweli. Lakini kuanzia sasa nitaziita hivyo, hisia za usiku wa kwanza. Hukumu nitaileta baada ya kurudia, hata kama wakati huo watu washahamia kitu kingine na hakuna atakayesoma. Na sitamgeuza mwigizaji kichekesho kwa sababu mimi nilingoja kitu tofauti.

Ile posti ya matanga sijaifuta. Nimeiacha pale pale, chini yake nimeandika: nilikosea, mwezi huo sikuwa nimemzika mtu.

Sasa nyinyi. Ni sehemu gani ya pili uliitoa maanani usiku wa kwanza, na hujawahi kurudi? Hebu irudie wiki hii. Ukiona bado ni mbaya, sawa, angalau sasa unajua. Njoo uniambie.